Pete na matawi: kemia ya kubeba mzigo, kutoka Bonn hadi kwenye lori la ndizi

Anayepitisha ndizi Mutukula au parachichi Namanga anajua kwamba tunda halisubiri karatasi. Cheti cha afya ya mimea kikichelewa siku mbili, ndizi iliyokatwa mbichi kwa makusudi huanza kugeuka njano ndani ya lori, na bei iliyopatanwa kwa simu huanza kushuka kabla mzigo haujavuka.

Ipo poda inayoweza kuchelewesha kuiva huko. Inatumika kwenye maghala ya matunda ya nchi nyingi, na siri yake ni molekuli yenye umbo la pete. Tukitaka kuielewa inatubidi kupitia kwanza kwa watu walioichunguza kemia ya pete kwa miaka mingi, na mmoja wao ni marehemu Profesa Fritz Vögtle wa Chuo Kikuu cha Bonn, Ujerumani.

Vögtle alizaliwa mwaka 1939 na kufariki mwaka 2017. Alikuwa mtaalamu wa kemia ogania, yaani kemia ya vitu vilivyojengwa kwa kaboni. Alishughulika na molekuli za aina mbili: pete kubwa, na molekuli zenye matawi kama mti ambazo leo huitwa dendrima, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya mti. Ukisoma kazi zake utaona swali moja linarudi mara kwa mara: kitu kidogo kinawezaje kubebwa na kingine bila kugandishwa nacho, ili baadaye kishushwe kikiwa kizima?

Mlango wa pete ulikuwa umefunguliwa na mtu mwingine. Charles Pedersen, mzaliwa wa Busan, Korea, alikuwa mwajiriwa wa kampuni ya DuPont nchini Marekani na hakuwa na shahada ya uzamivu. Katika jaribio lililolenga kitu tofauti kabisa, alibakiwa na fuwele chache ambazo mwingine angezimwaga. Yeye alizichunguza, na mwaka 1967 akatangaza alichokipata: pete yenye atomi za oksijeni zilizoelekea ndani, na katikati yake tundu ambalo potasiamu hukaa sawasawa.

Sote tunajua chumvi haiyeyuki kwenye mafuta. Chukua pamanganeti ya potasiamu, ile dawa ya zambarau ambayo wazee wetu waliioshea vidonda. Kwenye maji inayeyuka mara moja. Kwenye benzini, kimiminika cha jamii ya petroli, inakaa chini kama mchanga. Weka pete za Pedersen na benzini yote inageuka zambarau. Ndani, pete inaikaribisha potasiamu; nje ina tabia ya mafuta, kwa hiyo inapita nayo mpaka bila kuzuiwa. Pedersen alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1987, pamoja na Donald Cram na Jean-Marie Lehn, akiwa na umri wa miaka 83.

Wanakemia huuita uhusiano huo mwenyeji na mgeni. Mimi ningesema pete ni wakala wa forodha: mzigo haubadiliki, unavushwa tu, kisha wakala anarudi kuchukua mwingine. Tofauti ni kwamba huyu haombi chochote njiani.

Vögtle na wanafunzi wake walitengeneza pete za kila namna, kwa sababu ukubwa wa tundu ndio unaoamua nani ataingia. Walitengeneza hata pete zilizopitana kama viungo vya mnyororo, na nyuzi za molekuli zilizofungwa fundo. Lakini kazi yao iliyokumbukwa kuliko zote ilichapishwa mwaka 1978. Vögtle na wenzake wawili, Egon Buhleier na Winfried Wehner, walitafuta njia ya kujenga molekuli zenye vyumba vikubwa zaidi vya kuwekea wageni. Katika kichwa cha makala yao waliitaja hata minyororo inayofungwa kwenye matairi yasiteleze, jambo ambalo dereva aliyewahi kukwama kwenye tope atalielewa kabla ya profesa.

Njia yao ilikuwa ya kurudiarudia. Unaanza na molekuli yenye ncha moja. Kwenye ncha hiyo unapachika mikono miwili. Unaigeuza miisho ya mikono hiyo iwe ncha mpya, kisha kila moja unaipachika miwili tena. Ncha zinakuwa 2, halafu 4, 8, 16, 32, 64. Kwenye karatasi ni rahisi. Maabara ilikuwa na lake: hatua ya kugeuza ncha ilipoteza mali nyingi kila iliporudiwa, na timu ya Bonn haikufika mbali na mti wake. Wengine waliupokea. Katika miaka ya 1980 Donald Tomalia wa kampuni ya Dow na George Newkome, wote wa Marekani, walikuza miti ya aina zao, na mwaka 1993 watafiti wa kampuni ya DSM ya Uholanzi walitangaza kwamba njia ileile ya Bonn, kwa vichocheo bora, imefika ncha 64.

Mti mmoja wa namna hii umefika hadi Kisumu. Kampuni ya Starpharma ya Melbourne, Australia, ilitengeneza dendrima yenye ncha 32 zenye chaji hasi, zilizokusudiwa kuunata uso wa virusi kabla havijaishika seli. Iliwekwa kwenye jeli, na wanawake wa umri wa miaka 18 hadi 24 wa Kisumu na San Francisco waliitumia mara mbili kwa siku kwa siku 14. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011. Jaribio hilo lilipima usalama, halikupima kama jeli inazuia VVU, na tofauti hiyo ni vema ikakumbukwa kila muuzaji anapodai dawa yake “imejaribiwa Kenya”. Jeli haikuwa kinga ya VVU sokoni. Dendrima ileile iliishia kwenye dawa ya maambukizi ya bakteria ukeni na kwenye mafuta ya kondomu nchini Australia.

Pete nazo zimekwisha kuvuka mipaka yetu bila kelele. Mfanyabiashara wa ng'ombe mwenye chupa ya ivermectin kwenye begi amebeba pete ya atomi 16. Dawa ya erithromaisini ina pete ya atomi 14.

Sasa turudi kwenye lori la ndizi. Anayevumbika ndizi anajua kwamba tunda moja bivu huyaamsha mengine. Kinachofanya hivyo ni gesi ya ethilini. Katika Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina, Edward Sisler na Sylvia Blankenship waligundua kwamba gesi nyingine, 1-MCP, huziba sehemu ambayo ethilini ingeshika, na tunda halisikii wito wa kuiva. Shida ilikuwa kuihifadhi, maana gesi hiyo haikai. Jibu ni saiklodekstrini, pete ya glukosi 6 inayotengenezwa kutokana na wanga wa kawaida kama wa mahindi kwa kutumia kimeng'enya. Gesi hukaa ndani ya pete ikiwa poda. Poda ikitiwa maji kwenye chumba kilichofungwa, mgeni anatoka.

Kuna mambo mawili ya kuangalia kabla hujatoa hela. Kwanza, kemikali za kilimo husajiliwa na kila nchi, kwa hiyo uliza TPHPA kwa Tanzania na PCPB kwa Kenya, na uliza pande zote mbili za safari yako. Jumuiya inayojivunia vituo vya huduma za pamoja mpakani ingepaswa kuwa na jibu moja kwa swali la namna hii, badala ya kumwachia mchuuzi agundue tofauti wakati mzigo umekwisha kuzuiwa.

Pili, poda hii haiponyi tunda lililopondeka wala haizuii ukungu, na lililokwisha kuiva haligeuki bichi. Ndizi nayo inataka uangalifu wa peke yake: ikipewa gesi hii ingali changa mno, inaweza kulainika ndani huku ganda likibaki na mabaka ya kijani, na mnunuzi wa Mabibo au Marikiti huangalia ganda kwanza.