Istilahi za Injini Isiyowaka

Lori lipelekalo shehena bandarini Kigoma, ili ivushwe ziwani kwenda Burundi au Kongo, laweza kukataa kuwaka mara tu baada ya kubadilishiwa kifaa ambacho mafundi wengi hukiita "sensa". Neno hilo lina ila moja: kwa Mtanzania sensa ni hesabu ya watu, kama ile ya mwaka 2022. Kwa hiyo katika maandishi twapendelea kihisi, kutokana na kitenzi kuhisi.

Kosa kubwa zaidi hutokea katika kutaja dalili. Mfasiri aandikapo "injini haianzi" huwa amechanganya mambo mawili. Injini isiyozunguka kabisa humpeleka fundi kwenye betri na stata. Injini izungukayo bila kuwaka humpeleka kwenye mafuta na ishara za umeme. Kihisi cha krenki husoma meno ya gurudumu lizungushwalo na injini. Kompyuta ya injini isipopata ishara hiyo, mara nyingi haiamuru nozeli kunyunyiza mafuta. Basi fundi hukagua kwanza soketi, waya, aina ya kihisi na mwanya uliopo kati yake na meno, kabla ya kununua kingine.

Tunawashauri wafasiri na walimu watofautishe daima haizunguki na haiwaki. Neno moja lililokosewa katika kitabu cha maelekezo laweza kumfanya mwenye lori anunue stata asiyoihitaji, na shehena yake ikaachwa na meli.