Mafunzo ya Mpunga Yaanzie Jarubani

Katika mabonde ya Kwale, toka Msambweni hata Vanga karibu na mpaka wa Tanzania, mpunga si mgeni. Akina mama wa Kidigo wameurithi kwa bibi zao: hupanda mvua za masika zinyeshapo, hupalilia kwa mkono, kisha huamia ndege mpaka siku ya mavuno. Basi ajaye kuwafundisha kilimo hiki yampasa kwanza avue viatu, aingie matopeni, aulize.

Mafundisho mapya yenyewe yana asili yake. Padre Mfaransa, Henri de Laulanié, aliyeishi na wakulima wa Madagaska, aligundua katika mwaka 1983 kwamba miche michanga iliyoatikwa mmoja mmoja huzaa machipukizi mengi. Katika Kenya njia hiyo ilianza kujaribiwa Mwea katika mwaka 2009.

Miche hutolewa kitaluni ikiwa na siku 8 hata 15, ambapo kwa desturi wengi hungoja majuma matatu au manne. Hupandwa kwa mistari, sentimita 25 toka mche hata mche. Jaruba hutiwa maji, huachwa likauke kidogo, kisha hutiwa tena. Kwa maana mizizi nayo yataka hewa, na ikisongwa na maji daima huoza. Lakini jaruba lisilo na maji huota magugu upesi, hivyo palizi huongezeka.

Hapo pana jambo la kuangaliwa sana. Mwea, maji ya mito Thiba na Nyamindi huletwa kwa mifereji, na mkulima aweza kuyafungulia na kuyafunga. Mkulima wa Msambweni ategemeaye mvua hana uwezo huo. Mche wa siku 8 ukikutwa na mafuriko bondeni huzama na kufa. Bwana Shamba aliyekariri somo la Mwea neno kwa neno aweza kumtia mama hasara ya msimu mzima, na mwaka wa pili hatasikilizwa tena, hata atakaposema kweli.

Kwa hiyo yafaa kila kijiji kitenge kipande kidogo cha majaribio, nusu kwa njia ya zamani, nusu kwa njia mpya. Mahali pasipofurika wajaribu miche michanga. Bondeni watumie iliyokomaa zaidi, ila mistari na palizi visiachwe. Siku za kazi, gharama na magunia yaliyovunwa yaandikwe yote, maana mali bila daftari huisha bila habari.

Tena waalikwe wenye kazi. Wanaume wakiitwa mkutanoni na wanawake wakabaki shambani, elimu humfikia asiyeshika jembe. Tangu mwaka 2013 kazi ya ugani imo mikononi mwa serikali za kaunti. Basi kwa watu wa Kwale mashauri haya hayana haja ya kungoja Nairobi. Bwana Shamba na afundishe, naye akubali kufundishwa.