Mkazo Unaofifia: Tatizo la Istilahi Moja ya Sayansi ya Metali

Miongoni mwa istilahi zinazowatatiza wafasiri wa vitabu vya ufundi ni ile itajayo kupungua kwa mkazo katika metali iliyokwisha kuvutwa au kupindwa, kisha ikashikiliwa katika umbo hilo. Neno la Kiingereza lina asili ya Kilatini, na maana yake ni kulegeza. James Clerk Maxwell alilitumia katika maandishi yake ya mwaka 1867. Kwa kuwa siku hizi lina pia maana ya kupumzika, si ajabu mfasiri mwenye haraka akaandika “mapumziko ya mkazo”.

Tuchukue bolti ifungayo kiungo cha bomba la mvuke. Fundi akazapo nati, bolti hurefuka kidogo mno, na kwa kutaka kurudia urefu wake huvibana vipande viwili. Katika joto la mamia ya digrii, ubanaji huo hupungua kadiri saa zipitavyo, hata mvuke ukaanza kupenya. Nati haikuzunguka, wala bolti haikurefuka zaidi. Kilichobadilika ni kwamba sehemu ya urefu uliokuwa tayari kurudi imegeuka kuwa urefu wa kudumu.

Hapa ndipo tafsiri mbaya huleta hasara. Tukiandika “bolti ikilegea”, fundi atachunguza nati. Tukiandika “bolti ikirefuka”, atachukua kipimo. Kote huko hataona kasoro, na mvuke utaendelea kuvuja.

Chanzo kimo ndani ya fuwele za metali. Safu za atomi hazikupangika barabara. Zina kasoro za mstari, ambazo napenda kuziita mitenguko, kwa mfano wa kiungo cha mwili kilichotenguka. Taylor, Orowan na Polanyi walizieleza mwaka 1934, kila mmoja kwa njia yake. Mkazo huisukuma mitenguko, na joto huisaidia kuvuka vizuizi. Lakini kila isogeapo, mkazo wenyewe hupungua, na msukumo uliobaki huwa dhaifu zaidi. Ndiyo sababu mkazo hushuka upesi mwanzoni, kisha polepole mno. Katika aloi, atomi za kigeni na chembe ndogo huizuia mitenguko, na kushuka huko hupungua.

“Upungufu wa mkazo” haufai, maana unadokeza kwamba mkazo haukutosha tangu awali. Napendekeza “ufifiaji wa mkazo”. Najua kufifia kumezoeleka zaidi kwa rangi na nuru, lakini hakuna neno jingine lionyeshalo vizuri hivyo jambo lipungualo kidogo kidogo bila kitu chenyewe kuondoka mahali pake.

Istilahi hii isichanganywe na “mtambao”, ambapo mzigo haubadiliki bali urefu huongezeka. Katika ufifiaji urefu haubadiliki, mzigo ndio hupungua. Nyaya za chuma za zege iliyokazwa hupimwa hivyo: huvutwa hadi asilimia 70 ya nguvu ya kuzikata, zikashikiliwa kwa saa 1,000 katika nyuzi 20 za Selsiasi. Zile za daraja la ufifiaji mdogo hazitakiwi kupoteza zaidi ya asilimia 2.5.

Faida nyingine ni kwamba kitenzi hiki kinanyambulika. Mafundi wanapopasha chuma kilichochomelewa hadi karibu nyuzi 600 ili kuondoa mikazo iliyobaki ndani yake, twaweza kusema wanaififisha.