Hanami ya Watu Wawili

Mwaka 1981 shirika la reli la taifa la Japani lilianza kuuza tiketi ya aina yake. Mume na mke ambao miaka yao ikijumlishwa inafika 88 au zaidi waliweza kuzunguka nchi nzima kwa siku kadhaa, tena wakiwa wameketi daraja la kwanza. Tiketi hiyo iliuzwa kwa takriban miaka arobaini, kisha ikaondolewa. Wazee wenyewe hawakuacha kusafiri. Majira ya machipuko yakiingia utawaona kwenye vituo vya treni, wawili wawili, kofia kichwani, wakielekea kwenye hanami, yaani kutazama maua ya sakura.

Ili uelewe safari yao, anza na hanami nyingine, ile ambayo mzee ameitumikia maisha yake yote. Japani mwaka wa fedha na mwaka wa shule huanza Aprili, na maua ya Tokyo hufunguka karibu na wakati huo. Kwa hiyo hanami imeshikamana na kazi. Katika bustani ya Ueno, kijana aliyeajiriwa juzi hutumwa mapema kutandika turubai la buluu na kulikalia kutwa nzima, ili wakubwa wakifika jioni wakute nafasi. Viatu huvuliwa ukingoni mwa turubai kama mtu anavyovivua mlangoni kwake. Bia na sake hupita, vyakula vya boksi hufunguliwa, nyimbo hufuata, na maua yenyewe hayatazamwi sana. Wajapani wanajicheka kwa jambo hilo: wana msemo kwamba tonge ni bora kuliko ua.

Mzee alianza kwa kulilinda turubai, akapanda hadi akawa wa kulindiwa, sasa amestaafu na hana wa kumtuma. Mkewe, kwa kawaida ya kizazi chao, hakuwahi kualikwa kwenye turubai hilo. Ndiyo maana naiona safari hii kuwa ni kitu zaidi ya utalii wa wastaafu. Kwa wengi wao ni mara ya kwanza maua kuwa ya wawili, baada ya miaka mingi ya kuwa ya ofisi.

Na wakati wanao. Anayefanya kazi hupata juma moja tu la maua, kwa sababu sehemu kubwa ya sakura ya mijini ni ya aina moja, Somei Yoshino, iliyopewa jina la kijiji cha Somei ambacho leo kimemezwa na Tokyo. Miti hiyo huzalishwa kwa kupandikiza vikonyo, kwa hiyo yote ni kama mti mmoja uliorudufiwa mamilioni ya mara. Mahali penye hali ya hewa moja hufunguka pamoja na kupukutika pamoja. Mamlaka ya hali ya hewa ina mti wake wa kupimia katika kila eneo. Maua matano au sita yakifunguka, ofisa anatangaza kuwa sakura imechanua, na televisheni zote zinarusha habari hiyo. Mti wa kupimia wa Tokyo uko ndani ya hekalu la Yasukuni, panapoenziwa waliokufa vitani, na wenye miaka themanini na zaidi hawahitaji kuelezwa maana ya mahali hapo. Enzi za vita askari walifundishwa kwamba kumfia Kaizari ni kuanguka kama petali, na baadhi ya ndege za kujitoa mhanga za mwaka 1945 zilichorwa ua hilo ubavuni.

Mstaafu anaweza kulikwepa juma hilo moja la maua. Maua hupanda na joto kutoka Kyushu mwishoni mwa Machi hadi Hokkaido mwezi Mei, na mwenye nafasi anayafuata kuelekea kaskazini. Zaidi ya hapo, wazee wengi huipita miti ya bustani za miji na kwenda kwa mti mmoja wenye jina lake. Huko Miharu, Fukushima, upo mti wa matawi yanayoning'inia kama maporomoko ya maji, unaokadiriwa kupita miaka elfu moja. Yamanashi uko mwingine unaosemekana kuwa na umri mara mbili ya huo, umejaa magongo ya kuutegemeza. Mzee na mkewe wanauzunguka polepole, wanauinamia kidogo, wanapiga picha, basi.

Kati ya miti hiyo, ninayoipenda zaidi ni miwili ya Shokawa, mkoani Gifu. Mwaka 1960 bwawa la umeme la Miboro lilikuwa linakaribia kuzamisha vijiji, na katika nyua za mahekalu mawili ilikuwapo misakura mikongwe ya zaidi ya miaka 400. Takasaki Tatsunosuke, aliyewahi kuongoza kampuni iliyojenga bwawa, alitaka ihamishwe. Wataalamu walikataa, maana Wajapani husema anayekata sakura ni mpumbavu: mti huo ukijeruhiwa huoza. Hata hivyo misakura hiyo ilikatwa matawi, ikaburutwa mlimani, ikapandwa kando ya ziwa. Ikachipua. Waliohamishwa wakawa na mahali pa kukutana, kwa kuwa vijiji vyao viko chini ya maji. Basi la kutoka Nagoya kwenda Kanazawa lilipita hapo, na kondakta wake mmoja, Sato Ryoji, aliguswa hata akaanza kupanda miche ya sakura kando ya njia nzima. Alipofariki mwaka 1977, akiwa na miaka 47, alikwisha kupanda kama elfu mbili.

Mlima Yoshino, mkoani Nara, ni hija zaidi kuliko matembezi. Miti yake kama 30,000 ilipandwa na waumini karne baada ya karne, kila mmoja ukiwa sadaka. Ya chini hutangulia kuchanua, ya juu hufuata, basi aliyechelewa hupanda tu mlima. Mtawa mshairi Saigyo aliishi huko. Aliomba katika shairi afe chini ya maua mwezi ukiwa mpevu, na alikufa mwaka 1190 katika majira hayohayo. Siku hizi wapo wanandoa wanaolipanga jambo hilo mapema: huko Machida, nje kidogo ya Tokyo, yako makaburi yanayozungukia misakura, nao hujiandikisha wakiwa hai, hasa wasio na mtoto wa kuwatunzia kaburi la ukoo.

Jioni ni ya nyumba ya wageni ya kienyeji: maji ya moto ya chemchemi, kanzu za pamba zinazofanana, chakula cha vibakuli vingi, magodoro sakafuni. Hawashikani mikono hadharani. Mume humwita mkewe «mama», mke humwita «baba», hata kama watoto walishaondoka zamani. Msomaji aliyekulia kwa Mama Asha na Baba Asha hatashangaa.

Wenye nguvu humalizia Hirosaki, katika mkoa wa Aomori, mwishoni mwa Aprili. Ni nchi ya matufaha, na watunza bustani ya ngome walithubutu kuyapogoa matawi ya sakura kama wakulima wanavyopogoa mitufaha. Ule msemo wa mpumbavu ulishindwa: kuna Somei Yoshino zilizopita miaka mia moja hapo, wakati mahali pengine nyingi huchoka zikifika sitini.

Kisha zawadi, kwa maana kurudi mikono mitupu ni aibu. Jirani aliyemwagilia maua lazima apate boksi, na mara nyingi ndani yake mna sakuramochi, kitafunwa cha maharage matamu kilichofungwa kwa jani la sakura lililotiwa chumvi. Tokyo hukitengeneza kama chapati nyembamba iliyokunjwa, tangu mwaka 1717 kando ya mto Sumida. Kyoto na Osaka hukitengeneza kwa mchele, na hupenda punje zionekane. Kama jani linaliwa au linabanduliwa, hilo hata wanandoa wa miaka hamsini ya ndoa hawajakubaliana, nami niko upande wa wanaolila.