Saa Janja Inapokataa Wi-Fi

Saa janja nyingi zina njia mbili za kufika kwenye intaneti, na Wi-Fi ni ya pili. Ya kwanza ni simu ya mwenye saa: saa huoanishwa na simu kwa Bluetooth, kisha simu huibebea ujumbe, taarifa na hali ya hewa. Simu ikiachwa nyumbani au ikizimika, ndipo saa huwasha redio yake ya Wi-Fi na kutafuta ruta inayoifahamu. Zipo saa zenye njia ya tatu, yaani laini ya mtandao wa simu ndani ya saa yenyewe, lakini hizo ni ghali na si nyingi.

Mpangilio huu umeletwa na udogo wa betri. Galaxy Watch4 ya milimita 40 ina betri ya mAh 247, wakati simu ya kawaida siku hizi hubeba mAh 4,000 hadi 5,000. Bluetooth ya nguvu ndogo hula umeme kidogo mno. Wi-Fi ikiachwa wazi kutwa nzima huweza kuimaliza chaji kabla ya jioni. Kwa hiyo mfumo wa saa huizima Wi-Fi, au huiacha isinzie, kila mara Bluetooth inapokuwa imeshika simu. Malalamiko mengi huzaliwa hapo. Mtu hufungua mipangilio ya saa, akaona Wi-Fi haijaunganishwa, akaanza kuisumbua ruta, kumbe simu iko mfukoni mwake na saa inafanya kazi kama ilivyoundwa.

Jambo la kuhakikisha mapema ni kama saa ina Wi-Fi kweli. Saa nyingi za bei nafuu zinazouzwa Kariakoo au Luthuli Avenue zina Bluetooth pekee, hata kama kioo chake ni kikubwa na maandishi ya boksi yanang'aa. Bendi nyingi za mazoezi ziko hivyo pia. Saa isiyokuwa na kipengele cha Wi-Fi popote kwenye mipangilio yake haiwezi kuongezewa kwa programu, maana kinachokosekana ni redio yenyewe. Hata saa za Android zilipotoka mwaka 2014 hazikuwa na msaada wa Wi-Fi kwenye mfumo wake. Ulikuja mwaka uliofuata, mwaka uleule Apple Watch ya kwanza ilipoingia sokoni ikiwa nao tayari.

Namna ya kuunganisha hutofautiana kwa kampuni. Apple Watch hurithi: mtandao ambao iPhone iliwahi kuingia huku saa ikiwa imeoanishwa nayo hujulikana na saa pia, pamoja na nenosiri lake. Tangu watchOS 5 ya mwaka 2018 mtu anaweza pia kuchagua mtandao mwenyewe ndani ya mipangilio ya saa. Kwenye saa za Android, ambazo mfumo wake sasa huitwa Wear OS, zikiwemo Galaxy Watch za kuanzia 2021, mtumiaji hufungua mipangilio ya miunganisho, akachagua Wi-Fi, kisha jina la mtandao. Garmin zenye Wi-Fi kwa kawaida huwekewa mtandao kupitia programu iliyo kwenye simu, tena hazikai hewani muda wote: huingia kwenye ruta kwa dakika chache kupakia mazoezi, kushusha muziki au kuchukua sasisho, kisha hutoka. Mwenye Garmin anayetaka kuona alama ya Wi-Fi ikiwaka siku nzima atangoja sana.

Nenosiri nalo lina visa vyake. Kibodi ya saa ni ndogo kuliko kidole, na herufi kubwa na ndogo hazilingani machoni pa ruta. Saa inayosema nenosiri si sahihi mara nyingi inasema kweli. Inapowezekana, nenosiri liandikwe kwenye simu na kutumwa kwa saa.

Kujua kama Wi-Fi ya saa inafanya kazi kunahitaji jaribio moja tu: kuzima Bluetooth ya simu, kungoja dakika moja au mbili, kisha kutazama kama saa itaingia kwenye mtandao yenyewe. Watumiaji wa iPhone hupotea hapa. Kitufe cha Bluetooth kwenye paneli ya vitufe vya haraka, ile inayotelezeshwa kutoka pembeni mwa kioo, hakizimi Bluetooth tangu iOS 11. Hukata baadhi ya vifaa tu, na Apple Watch si mojawapo. Saa huendelea kuongea na simu, na anayejaribu huamini amepima Wi-Fi kumbe hajapima chochote. Bluetooth izimwe ndani ya mipangilio ya simu. Jaribio likiisha iwashwe tena, la sivyo betri ya saa italipa gharama.

Jaribio likishindwa, na mtandao hauonekani kabisa kwenye orodha ya saa, mshukiwa wa kwanza ni masafa. Ruta za nyumbani hurusha mawimbi kwa gigahezi 2.4, kwa gigahezi 5, au kwa yote mawili. Mawimbi ya gigahezi 2.4 yana urefu wa sentimita 12 na nusu hivi, hupenya kuta vizuri zaidi na kufika mbali, ila ni ya polepole. Ya gigahezi 5, yenye urefu usiofika nusu ya huo, ni ya kasi lakini ukuta huyachosha upesi. Saa nyingi, hasa za zamani na za bei ya chini, husikia gigahezi 2.4 pekee. Apple Watch zote zilizotoka kabla ya Series 6 ya mwaka 2020 ziko katika kundi hili, pamoja na SE ya kwanza, iliyotoka mwaka huohuo. Galaxy Watch4 husikia yote mawili. Ruta iliyowekwa kwenye gigahezi 5 tu, kwa saa inayosikia gigahezi 2.4 pekee, ni kama haipo, ingawa simu iliyo karibu inaperuzi bila shida.

Ugumu huongezeka pale ruta inapotumia jina moja kwa masafa yote mawili na kuamua yenyewe kila kifaa kikae wapi. Mpango huo ni mzuri kwa simu na kompyuta. Kwa saa huweza kuzaa muunganisho unaokatika na kurudi bila sababu ya kueleweka. Dawa iliyozoeleka ni kuingia kwenye mipangilio ya ruta na kuyatenganisha masafa kwa majina mawili, saa ikapewa jina la gigahezi 2.4. Wanaotumia hotspoti ya iPhone 12 au ya baadaye watakuta kwenye mipangilio ya hotspoti kitufe cha kuongeza ulinganifu na vifaa vingine. Kikiwashwa, simu hurusha gigahezi 2.4. Simu nyingi za Android nazo huruhusu kuchagua masafa ya hotspoti. Hotspoti ya simu ileile iliyooanishwa na saa, hata hivyo, haina faida, kwani saa ingepata intaneti kwa Bluetooth ya simu hiyohiyo.

Hata mtandao unaoonekana unaweza kuwa dhaifu kwa saa kuliko kwa simu iliyo mkono uleule. Antena ya saa ni ndogo sana, na imefungwa juu ya mkono wa binadamu, ambao sehemu kubwa yake ni maji, na maji hunyonya mawimbi ya gigahezi 2.4. Masafa hayohayo hutumiwa na Bluetooth, na oveni za maikrowevu nazo hupasha chakula humohumo. Ruta iliyofichwa nyuma ya friji au ndani ya kabati la televisheni inaweza kuitosha simu na isiitoshe saa. Katika nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar, zenye kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, chumba kimoja tu kinaweza kuwa mpaka. Kusogeza ruta mahali pa wazi na juu kidogo hutatua mengi kuliko programu yoyote.

Kuna mitandao ambayo saa inaiona, inaisikia vizuri, na bado haiwezi kuitumia. Mfano ulio wazi zaidi ni Wi-Fi ya hoteli, uwanja wa ndege, mgahawa au hosteli, ile inayofungua ukurasa wa kuandika namba ya simu, namba ya chumba au kukubali masharti. Ukurasa huo unahitaji kivinjari, na saa nyingi hazina. Apple husema bayana kwamba saa yake haiwezi kuingia kwenye mitandao ya umma inayotaka mtu ajisajili, alipie au awekewe wasifu maalumu. Mitandao ya vyuo na maofisi ambapo kila mtu ana jina lake la mtumiaji, kama eduroam inayopatikana katika vyuo kadhaa vya Kenya na Uganda, huwa ukuta huohuo kwa saa nyingi. Hapo hakuna kilichoharibika. Njia iliyobaki ni kuiacha saa itegemee Bluetooth ya simu, ambayo imekwisha kujisajili.

Ulinzi wa ruta yenyewe huweza kuwa kizuizi pia. WPA2, iliyoanza 2004, hueleweka na karibu kila saa yenye Wi-Fi. WPA3 ya mwaka 2018 si zote zinaijua. Ruta iliyofungwa kwa WPA3 pekee ibadilishwe iruhusu zote mbili. Kisha kuna orodha ya vifaa vilivyoruhusiwa, ambayo baadhi ya wenye nyumba na mafundi huiweka kwa kutumia anwani ya MAC, yaani namba ya utambulisho, ya kila kifaa. Tangu watchOS 7, Apple Watch huweza kujionyesha kwa anwani ya kubuni ili isifuatiliwe, na ruta yenye orodha huiona kama mgeni. Ruta ndogo za kubebea mfukoni zina kikomo cha idadi ya vifaa pia: familia ikishajaza nafasi zote kwa simu na televisheni, saa hubaki mlangoni. Na saa iliyoletwa na ndugu kutoka Marekani huenda isisikie chaneli za 12 na 13, kwa kuwa vifaa vya soko lile kwa kawaida haviziruhusu; ruta ikiwekwa chaneli ya 1, 6 au 11, jambo hilo huisha.

Kuunganishwa na ruta si sawa na kuwa na intaneti, na tofauti hii hufichwa na alama ile ndogo ya Wi-Fi. Kifurushi kikiisha, ruta huendelea kurusha mawimbi na saa huendelea kuonyesha imeunganishwa, lakini hakuna kinachopita. Kifaa kingine kwenye Wi-Fi hiyohiyo, kikiwa kimezimiwa data ya laini, hutoa jibu kwa sekunde chache. Simu yenye data yake haifai kwa jaribio hili, maana itaruka kimyakimya kutoka Wi-Fi kwenda data na kumdanganya anayepima.

Kisa cha ajabu zaidi ni cha saa inayokosea saa. Huduma za intaneti hujitambulisha kwa vyeti vyenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kifaa kinachodhani leo ni miaka mitatu nyuma hukikataa cheti halali kikidhani bado hakijaanza kutumika. Saa iliyolala kabatini miezi mingi bila chaji huweza kuamka na tarehe mbovu. Kuirudisha karibu na simu iliyooanishwa, ikapokea wakati sahihi, kwa kawaida hutosha.

Taarifa zinazochelewa zina maelezo yake. Saa ikiwa kwenye Wi-Fi mbali na simu, programu zinazojitegemea hufanya kazi moja kwa moja. WhatsApp, kwa mfano, ilitoa toleo la namna hiyo kwa Wear OS mwaka 2023. Lakini taarifa nyingi bado hutoka kwenye simu, hupita kwenye seva za mtengenezaji, ndipo hufika mkononi. Simu iliyoachwa nyumbani ikiwa imezimwa au haina data hukata mnyororo huo, hata kama Wi-Fi ya ofisini ni ya kasi namna gani.

Pale ambapo chanzo hakijulikani, hatua zichukuliwe kuanzia nyepesi. Kuwasha na kuzima hali ya ndegeni kwenye saa huilazimisha redio ianze upya. Kuizima saa na kuiwasha, kisha ruta nayo kuizima kwa nusu dakika, hufuta mgongano wa anwani ambazo ruta hugawa. Kuusahau mtandao kwenye saa na kuuingiza upya husaidia hasa pale nenosiri la ruta lilipobadilishwa. Sasisho la mfumo lifuate, saa ikiwa kwenye chaja, kwani saa nyingi hukataa kusasishwa bila hivyo. Kuweka upya mipangilio ya mtandao kwenye iPhone ni hatua nzito kuliko inavyosikika: manenosiri yote ya Wi-Fi hufutika, na mwenyewe asiyeyakumbuka atazunguka nyumba za marafiki akiyaomba tena.

Kuvunja uoanishaji na kuanza upya kubaki mwisho. Kwa Apple Watch, iPhone huhifadhi nakala ya saa inapoachanishwa kupitia programu yake, halafu saa hufutwa. Kwa saa nyingine nakala ithibitishwe kwanza. Saa ya mtumba ina hatari ya ziada: ikiwa bado imefungwa kwenye akaunti ya mmiliki wa zamani, ikishafutwa itaomba nenosiri la mtu ambaye hayupo.

Saa iliyofutwa, ikasasishwa, ikawekwa mita moja kutoka kwenye ruta ya gigahezi 2.4 yenye WPA2, na bado haioni mtandao wowote, ina hitilafu kwenye redio au antena. Hali hii huonekana kwenye saa zilizoingia maji au zilizofunguliwa kubadilishwa kioo au betri, ambako waya mwembamba wa antena hukatika au huachwa bila kurudishwa mahali pake. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye vifaa vya saa za aina hiyo. Hadi ifike kwake, Bluetooth ya simu, kama bado ni nzima, itaendelea kuihudumia.