Picha za Vita Katika Elimu ya Siasa

Katika makala haya tunakusudia kueleza jambo ambalo mara nyingi huzusha ubishi darasani: je, picha za ukatili wa vita huwaamsha watu, au huwazoesha tu kutazama damu? Wako wanaodhani kwamba umma ukionyeshwa maiti utauchukia ubeberu papo hapo. Wako pia wanaotaka picha hizo zifichwe kwa sababu zinaudhi. Sisi tunaona kwamba pande zote mbili zinakosea, na mfano wa Vietnam unatosha kuthibitisha hivyo.

Tarehe 16 Machi 1968 askari wa Marekani waliingia kijiji cha Son My, katika vitongoji vyake kikiwamo My Lai, wakawaua wanakijiji wasio na silaha: wazee, akina mama na watoto wachanga. Hesabu ya jeshi la Marekani ni watu 347. Hesabu ya Wavietnam ni 504. Siku zile jeshi hilo lilitangaza ushindi, likisema limeua maadui 128.

Pamoja na askari hao alikuwapo mpiga picha wa jeshi, Ronald Haeberle. Picha alizopiga kwa kamera ya jeshi zilibaki mikononi mwa jeshi. Lakini alikuwa pia na kamera yake mwenyewe yenye filamu ya rangi, na picha hizo alirudi nazo kwao Ohio. Huko alizimulika ukutani mbele ya raia wenzake mikutanoni. Wengi hawakuamini waliyoyaona. Picha zilikuwapo, macho yalikuwapo, na bado hakuna kilichotendeka.

Mambo yalibadilika mwaka 1969. Ron Ridenhour, aliyekuwa askari, aliwaandikia wakubwa wa nchi yake barua akidai uchunguzi. Mwandishi Seymour Hersh akaifichua habari yenyewe. Na tarehe 20 Novemba gazeti la Plain Dealer la Cleveland likazichapa picha. Sasa umma ulishtuka. Picha zilikuwa zile zile. Kilichoongezeka ni maelezo: nani alitoa amri, nani alitii, nani alificha.

Kuna jambo jingine. Mwaka 2009 Haeberle alikiri kwamba aliziharibu picha zilizowaonyesha askari wakiwa katika kuua. Kwa hiyo dunia iliwaona waliouawa, haikuwaona wauaji wakiua. Hapa ndipo ilipo hatari. Mtu anayeona maiti peke yake huona msiba, kama ule wa mafuriko. Atalia, kisha atafungua ukurasa wa pili. Na mahakama nayo ilimtia hatiani mtu mmoja tu, Luteni William Calley, mwaka 1971. Alihukumiwa kifungo cha maisha, akatumikia kama miaka mitatu na nusu, mingi yake akiwa kizuizini nyumbani kwake.

Wakubwa wa vita walijifunza kutokana na Vietnam. Katika vita vya Ghuba vya mwaka 1991, waandishi wa habari walipangwa katika vikundi chini ya uangalizi wa jeshi, na picha za majeneza ya askari wa Marekani yakirudishwa nyumbani zilipigwa marufuku, marufuku iliyodumu hadi 2009. Kenneth Jarecke alipopiga picha ya askari wa Iraki aliyeteketea ndani ya gari lake, gazeti la Observer la London liliichapa, lakini magazeti ya Marekani hayakuichapa wakati ule. Kwa hiyo, tunapozungumzia kiu ya umma ya kutazama mambo ya kutisha, tusisahau kwamba kuna mkono unaochagua umma unyweshwe nini.

Ni wajibu wa kada, kabla ya kubandika picha ya vita ukutani, kuuliza maswali manne. Nani aliipiga, na kwa kazi ya nani? Nani aliizuia, na nani aliitoa? Nani hayumo pichani? Na vita hivyo vilikuwa kwa faida ya nani? Asiyeweza kuyajibu asiibandike, kwani atakuwa ameleta maonyesho, siyo elimu. Na aliyekufa, ndugu, ana haki yake pia: asigeuzwe kitu cha kutazamwa bila kutajwa aliyemwua.