Karanga na Korosho: Mwanachama Naye Ale Zilizo Safi

Ndugu Makatibu na Wanachama,

Katika vitabu vya vyama vya msingi, karanga na korosho huandikwa kwa kilo na kwa shilingi. Ni sawa, kwani ndiyo kazi ya vitabu. Lakini yafaa mwanachama ajue kwamba zao hilo, likiliwa kwa kiasi, huusaidia pia moyo wake.

Mafuta yaliyomo humo kwa sehemu kubwa hayafanani na yale ya samli au nyama iliyonona. Yakichukua nafasi ya mafuta hayo ya wanyama, hupunguza lehemu mbaya, ambayo huganda ndani ya mishipa ya damu na kuisonga. Aidha, karanga na korosho zina protini na nyuzinyuzi, wala hazipandishi sukari ya damu kwa haraka kama andazi au soda.

Mwaka 2015 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi wa watu zaidi ya 200,000 wa kusini mwa Marekani na wa mji wa Shanghai, China. Wale waliokula karanga na jamii ya kokwa kwa wingi zaidi walikuwa na vifo vichache zaidi vya maradhi ya moyo. Wengi wa Wamarekani hao walikuwa watu wa kipato kidogo, na karanga ya bei nafuu ndiyo waliyokula zaidi. Basi faida hii si ya matajiri peke yao.

Kipimo ni kiganja kimoja kwa siku, yaani gramu 30 hivi, bila chumvi. Kiganja hicho kishike nafasi ya andazi, kisiongezwe juu yake, maana mafuta yakizidi huleta unene. Wala mgonjwa wa presha au kisukari asiache dawa zake kwa ajili ya karanga. Na wale ambao miili yao huzikataa, wasizile kabisa.

Hapa lipo jambo linalowahusu Makatibu. Karanga zilizo safi zikiuzwa zote, na zilizokataliwa kwa ukungu zikarudi jikoni, mwanachama hula sumu badala ya chakula. Sumukuvu ilianza kutambuliwa baada ya mwaka 1960, pale bata mzinga zaidi ya 100,000 walipokufa Uingereza kwa kulishwa mashudu ya karanga. Sumu hiyo huharibu ini na huweza kuleta saratani, wala kukaanga hakuiondoi yote.

Hivyo basi:

1. Karanga zianikwe juu ya turubai au mkeka, si juu ya udongo, hadi zikauke kabisa.
2. Magunia yapangwe juu ya mbao, mbali na ukuta.
3. Zenye ukungu, zilizosinyaa na zilizobadilika rangi zitengwe na kuteketezwa. Wasipewe hata kuku.
4. Kabla ya kuuza, kila kaya ijiwekee akiba ya zilizo safi.

Katibu ausomee mkutano wa wanachama maelezo haya kabla ya msimu kufunguliwa.

Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika